Matunzo ya mwenzi baada ya talaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu fedha ambazo mmoja wa wanandoa hulipa mwenzake ndoa inapovunjika. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na pale tofauti inapobadilisha jibu tumeitaja nchi yenyewe. Hata hivyo, popote uendapo hakimu huanza na mambo mawili: haja ya anayeomba na uwezo wa anayeombwa. Yote mawili huthibitishwa kwa karatasi. Madai yenye haki kabisa huanguka kwa sababu mdai alikuja na maneno matupu, na tungependa lisikupate hilo.

Matunzo ya mwenzi yanatofautianaje na mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto?

Mgawanyo wa mali hutazama nyuma: nyumba, kiwanja, akiba na biashara mlizochuma pamoja, kila mmoja anachukua fungu lake na shauri limeisha. Matunzo ya mwenzi hutazama mbele: kuanzia kesho mtu huyu ataishi kwa nini, na je, ni haki mwenzake achangie? Matunzo ya watoto ni haki ya watoto wenyewe, kwa hiyo mzazi hawezi kuyasamehe ili apate kitu kingine.

Mpangilio huo una maana kwenye hesabu. Mali hugawanywa kwanza, kwa kuwa aliyepata nyumba ya kupangisha ana kipato ambacho jana hakuwa nacho. Kisha hutengwa fungu la watoto. Kinachobaki kwa mlipaji ndicho kinachoweza kwenda kwa mwenzi. Sheria ya Talaka ya Kanada inasema waziwazi kwamba watoto hutangulia, na mahakama ikipunguza fungu la mwenzi kwa sababu hiyo, lazima iandike hivyo.

Kosa linalojirudia ni kuomba vyote kwa mkupuo mmoja wa maneno, "naomba haki zangu zote". Kila ombi liwe na aya yake, kiasi chake na ushahidi wake.

Je, kila anayetalikiwa hupata matunzo?

Hapana. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kama unastahili. Wa pili ni kiasi gani na kwa muda gani. Wengi hukimbilia wa pili na kuukuta wa kwanza umefungwa.

Tanzania, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mke aliyetalikiwa hapati matunzo yake mwenyewe kwa kipindi cha baada ya talaka mpaka mahakama iridhike kuna sababu maalumu. Kwa hiyo mdai wa Tanzania lazima aitaje sababu hiyo kwenye maombi yake: ugonjwa, ulemavu, umri, miaka aliyokaa nje ya kazi akilea. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo wakati wa kutoa talaka au hata baadaye, bila kubagua mume na mke. Ujerumani, tangu mageuzi ya mwaka 2008, msingi ni kila mtu ajitegemee baada ya talaka, lakini anayelea mtoto mdogo anaweza kudai walau mpaka mtoto afikishe miaka 3.

Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Bracklow la mwaka 1999, ilitaja misingi mitatu inayosaidia kupanga hoja hata mahali pengine. Wa kwanza ni fidia: uliacha kazi au masomo ili mwenzako asonge mbele. Wa pili ni makubaliano: mliandikiana au kuahidiana. Wa tatu ni uhitaji wenyewe: ndoa imevunjika na huwezi kujikimu, hata kama hakuna aliyekukosesha chochote. Jiulize umesimama juu ya msingi upi, maana ushahidi hufuata msingi. Anayedai fidia ataleta barua ya kuacha kazi na vyeti vya masomo aliyokatisha. Anayedai kwa uhitaji ataleta ripoti ya daktari.

Mume naye anaweza kudai?

Kenya, Uingereza na Kanada, ndiyo, kwa vigezo vilevile. Tanzania mume hupata pale tu asipoweza kujitafutia riziki, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kutokana na maradhi au madhara ya mwili au akili.

Hakimu hupima mambo gani?

Tanzania, kifungu cha 116 cha Sheria ya Ndoa kinaweka mbele uwezo na mahitaji ya pande mbili, kisha kinaruhusu kutazama nani alichangia kuvunjika kwa ndoa na desturi za jamii yao. Uingereza, sheria ya mwaka 1973 inataja kipato na uwezo wa kuingiza kipato, mahitaji, hali ya maisha kabla ya kutengana, umri, muda wa ndoa, ulemavu, mchango wa kila mmoja pamoja na wa kutunza nyumba na familia, na haki kama pensheni zitakazopotea kwa talaka.

Katika hayo yote, jambo linalobeba uzito kuliko watu wanavyodhani ni uwezo wa kuingiza kipato, ambao ni tofauti na kipato chenyewe. Mwalimu aliyekaa nyumbani miaka 4 ana cheti kinachofanya kazi bado. Atapewa muda wa kurudi kazini. Mwenye miaka 56 ambaye hajawahi kuajiriwa hawezi kuambiwa aanze upya. Ndiyo maana muda wa ndoa na umri husomwa pamoja: ndoa ya miaka 20 iliyovunjika ukiwa na miaka 41 si sawa na ile iliyovunjika ukiwa na 63.

Hali ya maisha mliyoizoea huzingatiwa, lakini si dhamana. Mshahara uliokuwa ukilisha nyumba moja sasa unalisha mbili. Karibu kila mara wote wawili hushuka kiasi, na hakimu hutafuta ushukaji huo usimwangukie mmoja peke yake.

Kuna fomula ya kukokotoa kiasi?

Nchi nyingi hazina; hakimu huamua kwa busara. Zilizo nazo hutofautiana sana. Chukua wanandoa wasio na watoto wadogo, ndoa ya miaka 12, mmoja anapata 90,000 kwa mwaka kabla ya kodi na mwingine 30,000.

Kwa mwongozo wa Kanada wa mwaka 2008, tofauti ya vipato, yaani 60,000, huzidishwa kwa asilimia 1.5 hadi 2 kwa kila mwaka wa ndoa. Miaka 12 inatoa asilimia 18 hadi 24, sawa na 10,800 hadi 14,400 kwa mwaka. Muda ni nusu mwaka hadi mwaka mmoja kwa kila mwaka wa ndoa: miaka 6 hadi 12. Huo ni mwongozo, hauifungi mahakama.

Jimbo la New York lina hesabu mbili na huchukua matokeo madogo. Ya kwanza: asilimia 30 ya kipato cha mlipaji kutoa asilimia 20 ya cha mpokeaji, 27,000 kutoa 6,000, inabaki 21,000. Ya pili: asilimia 40 ya vipato vyote kwa pamoja kutoa kipato cha mpokeaji, 48,000 kutoa 30,000, inabaki 18,000. Jibu ni 18,000 kwa mwaka. Muda unaopendekezwa kwa ndoa isiyozidi miaka 15 ni asilimia 15 hadi 30 ya miaka ya ndoa, kwa hiyo hapa ni takribani miezi 22 hadi 43.

Watu walewale, pesa zilezile: upande mmoja kidogo kidogo kwa miaka mingi, upande wa pili kingi kwa muda mfupi. Usichukue kikokotoo cha nchi nyingine kutoka intaneti na kukijengea matumaini.

Pasipo fomula, nifanyeje hesabu yangu?

Andaa jedwali la matumizi ya mwezi lenye safu tatu: kitu, kiasi, na uthibitisho. Kusanya taarifa za benki na za pesa za simu za miezi 12, maana mwezi mmoja haukuonyeshi ada za shule, bima wala matengenezo ya nyumba. Gharama ya mwaka igawe kwa 12. Ya wiki izidishe kwa 52 kisha ugawe kwa 12, usizidishe kwa 4: matumizi ya 50 kwa wiki ni 217 kwa mwezi, siyo 200. Ukikosea hapo kwenye chakula na nauli peke yake, utajikuta na upungufu mwaka mzima.

Kisha fanya hesabu ya pande zote mbili. Tuseme mahitaji yako ni 1,400 na kipato chako baada ya makato ni 550. Pengo ni 850. Mwenzako anabakiwa na 2,300 baada ya makato na mahitaji anayoyadai ni 1,500. Ziada yake ni 800. Matunzo ya watoto yakiwa 300, inabaki 500. Unaweza kuhitaji 850 kwa haki kabisa, lakini palipo na 500 pa kutolea hakuna wa kukupa 850. Hesabu hii ifanye kabla hujaingia mahakamani ili ujue upiganie nini: pengine ni kupunguza yale mahitaji yake 1,500 yaliyotiwa chumvi, ambamo umo mkopo wa gari la pili.

Usitie chumvi wewe pia. Kipengele kimoja kikionekana cha uongo wakati wa kuhojiwa, jedwali zima linatiliwa shaka.

Mwenzangu anaficha kipato, au ameacha kazi makusudi. Je?

Mahakama inaweza kumhesabia kipato anachoweza kupata badala ya anachodai kupata. Hilo linahitaji mambo matatu: ana ujuzi na afya ya kufanya kazi, kazi za aina hiyo zipo, na aliacha bila sababu ya maana. Barua ya kujiuzulu iliyoandikwa wiki mbili baada ya kupokea hati ya wito husema mengi. Aliyepunguzwa kazini na anaonyesha barua za maombi aliyotuma hatendewi hivyo.

Kwa mwajiriwa omba karatasi za mshahara zenye posho na marupurupu, mkataba wa ajira na taarifa ya mfuko wa pensheni. Tazama makato ya hiari: akiba ya chama cha ushirika ni makato kwenye karatasi, lakini bado ni fedha yake.

Mfanyabiashara ni mgumu zaidi. Omba hesabu za miaka 3, marejesho ya kodi na taarifa za akaunti za biashara. Kisha rudisha kwenye faida yale matumizi ya nyumbani yaliyopitishwa dukani: mafuta ya gari la familia, simu, "mshahara" wa ndugu asiyefanya kazi, na punguzo la uchakavu wa mitambo, ambalo ni la kwenye vitabu tu na halijatoka mfukoni mwaka huo. Kama hakuna vitabu, onyesha maisha: anayesema anapata 400 kwa mwezi huku akilipa kodi ya nyumba 600 na ada 300 ana chanzo kingine, na ni juu yake kukieleza.

Usivunje nywila ya simu yake wala kuiba barua zake. Ushahidi huo unaweza kukataliwa, na unaweza kukufungulia kesi. Iombe mahakama iamuru azilete nyaraka hizo.

Uzinzi au ukatili hubadilisha kiasi?

Inategemea sana mahali. Tanzania, kiwango cha lawama kwa kuvunjika kwa ndoa ni kimoja cha vigezo, ingawa si cha kwanza. Kanada, sheria inakataza mahakama kuangalia mwenendo mbaya wa ndoa katika kuamua matunzo. Uingereza mwenendo huhesabiwa tu ukiwa mbaya kiasi kwamba kuupuuza kungekuwa kukosa haki.

Kuna njia ambayo kosa huingia kila mahali: madhara yake ya kifedha. Kipigo kilichokuacha na mkono usioshika kalamu kinapunguza uwezo wako wa kufanya kazi. Akiba iliyomwagwa kwenye kamari au kwa mpenzi imepunguza mali ya kugawana. Leta ripoti ya hospitali na taarifa za benki, na uzungumzie hasara kwa tarakimu.

Kesi ikichukua miaka, nitaishi vipi?

Omba matunzo ya muda mara tu shauri linapofunguliwa. Tanzania na Kenya sheria inayaruhusu wakati shauri likiendelea. Hupelekwa kwa maombi yenye hati ya kiapo, na huamuliwa kwa nyaraka zaidi kuliko mashahidi. Ambatisha jedwali la matumizi, madeni yanayokaribia kuiva, kama kodi ya nyumba au ada, na uthibitisho wa kipato chake.

Kusubiri kunagharimu. Mahakama ikirudisha malipo nyuma, kwa kawaida huishia kwenye tarehe ya kufungua maombi. Miezi uliyokopa kwa majirani kabla ya hapo ni vigumu kuipata. Na kiwango cha muda kina tabia ya kuganda: hakimu wa mwisho akikuta umeishi mwaka mzima kwa 300, atauliza kwa nini sasa unahitaji 700. Kama unaishi kwa mikopo, weka rekodi ya kila mkopo.

Matunzo hudumu kwa muda gani?

Kuna ya kipindi maalumu, ya kumwezesha mtu asimame, na yasiyo na tarehe ya mwisho. Uskoti, malipo ya kumzoesha aliyekuwa tegemezi hayazidi miaka 3. Uingereza, mahakama ina wajibu wa kufikiria kama wanandoa wanaweza kukatiana uhusiano wa kifedha mara moja. Kalifonia, ndoa ya miaka 10 au zaidi huhesabiwa ya muda mrefu, na mahakama hubaki na mamlaka juu ya matunzo. Watu husema ukifika mwaka wa 10 unalipwa maisha, na si kweli. Maana yake ni kwamba mlango haufungwi wenyewe.

Ukiomba matunzo ya kusoma au kujifunza kazi, peleka mpango: jina la kozi, muda, ada, tarehe ya kuanza, na mshahara unaotarajiwa ukimaliza. "Nataka kujiendeleza" haitoshi. Ongeza miezi kadhaa ya kutafuta kazi baada ya kuhitimu, kwani mipango mingi husahau kipindi hicho na malipo hukatika siku ya mahafali.

Ndoa ilikuwa ya Kiislamu. Nini hutangulia?

Kwanza ni matumizi ya eda, yaani kipindi ambacho mtalaka hungoja kabla ya kuweza kuolewa tena. Eda ya talaka ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi na hedhi. Kwa asiyepata hedhi ni miezi mitatu. Kwa mjamzito ni mpaka ajifungue, na mume humtunza kwa kipindi hicho chote cha mimba. Pili ni mahari yaliyocheleweshwa, ambayo ni deni. Tatu ni kitoka nyumba, yaani mutaa, zawadi ya kumliwaza mtalaka inayotajwa katika Kurani, sura ya 2 aya ya 241. Wanazuoni wametofautiana kama ni wajibu kwa kila mtalaka. Haya matatu yadaiwe kila moja kwa jina lake. Mara nyingi mwanamke hupewa ya eda na kuambiwa yamekwisha, wakati mahari yake bado yako shingoni mwa mume.

Nichukue mkupuo au malipo ya kila mwezi?

Kiasi cha 1,000 kwa mwezi kwa miaka 5 ni 60,000, lakini 60,000 ya leo ina thamani kubwa kuliko ile itakayokuja kwa vipande. Ukipunguza kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, thamani yake leo ni takribani 53,000. Kwa hiyo ukipewa 50,000 taslimu, umeachia 3,000 tu kununua uhakika.

Tunapendelea mkupuo pale mlipaji ni mkaidi, ana kazi isiyotabirika, au anataka kuhama nchi. Kila mwezi kunafaa pale mshahara ni thabiti na unaweza kukatwa na mwajiri. Mkupuo ukishalipwa haufunguliwi tena kirahisi, hata ukiugua mwaka unaofuata.

Tukikubaliana wenyewe?

Ni bora, mkiandika vizuri. Andikeni kiasi, tarehe ya malipo, njia ya malipo, tarehe ya kuanza na ya mwisho, kinachotokea mlipaji akipoteza kazi, na namna kiasi kitakavyopanda. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika: bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, 100 ya leo inanunua vitu vya 56 hivi baada ya miaka 10. Kisha pelekeni makubaliano mahakamani yawe amri. Karatasi iliyobaki kabatini inakulazimu ufungue kesi nzima upya siku malipo yanapokatika.

Kila mmoja awe na wakili wake. Na usitie saini kifungu cha "sitadai chochote milele" bila kuona kwanza taarifa kamili za kipato chake.

Mambo yamebadilika. Naweza kuomba amri irekebishwe?

Ndiyo, kukiwa na mabadiliko makubwa ya hali, au amri ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kukosea ukweli wa mambo. Ndivyo ilivyo kwenye sheria ya Kenya. Kupungua mshahara kwa miezi miwili hakutoshi. Mlipaji asijikatie mwenyewe: amri ya 500 hudai 500 kila mwezi hadi hakimu aibadilishe, na malimbikizo huendelea kukua wakati unajiona umeshaeleza kwa ujumbe wa simu. Fungua maombi wiki ileile uliyopoteza kazi.

Halipi. Nifanye nini?

Tengeneza jedwali la kila mwezi: kilichopaswa, kilicholipwa, kilichobaki. Peleka maombi ya kukaza hukumu, yaani kulazimisha amri itekelezwe. Mahakama inaweza kuamuru mwajiri akate mshahara, kuzuia akaunti, kukamata mali, na katika nchi nyingi kumfunga mwenye uwezo anayekaidi. Usikae muda mrefu: Malaysia, kwa mfano, malimbikizo ya zaidi ya miaka 3 kabla ya kufungua madai hayadaiki.

Mlipaji naye, usitoe pesa mkononi. Hata mkielewana, pitisha benki au simu na uandike "matunzo ya mwezi wa" fulani. Pesa taslimu bila stakabadhi mbele ya hakimu ni kama haikutoka.

Mtalaka akioa, akiolewa au akianza kuishi na mtu?

Mpokeaji akifunga ndoa mpya, malipo ya mara kwa mara hukoma Tanzania, Kenya na Uingereza. Kuishi na mwenza bila ndoa ni jambo jingine: Uingereza hakukatishi malipo kwenyewe, Kalifonia huchukuliwa kuwa haja imepungua mpaka mpokeaji athibitishe vinginevyo. Mlipaji akioa tena, wajibu wake haufutiki, ingawa familia mpya inaweza kupunguza uwezo wake.

Uingereza kuna mtego: ukifunga ndoa kabla ya kufungua maombi yako ya kifedha, unaweza kupoteza haki ya kuyaomba kabisa. Fungua maombi kwanza.

Mlipaji akifariki?

Amri isiyo na dhamana kwa kawaida hufa naye. Ndiyo maana, kwa anayetegemea malipo hayo kwa miaka mingi, inafaa kuomba mapema yawekewe dhamana ya mali, au mlipaji akate bima ya maisha inayomtaja mpokeaji, yenye kiasi kinachoendana na miaka iliyobaki. Omba nakala ya hati ya bima na uthibitisho wa malipo yake kila mwaka. Bima iliyoachwa ikafa hugundulika baada ya mazishi.